Nesi Amemwambia Mama Hatapona

Shangazi, nisaidie kabla sijamrukia mtu hospitalini. Mama yuko wodini hapa Kisumu, saratani imeingia kwenye mifupa na madaktari wametuambia sisi watoto hakuna tiba tena, tukakubaliana mama asijue, tukawa tunamwambia utapona mama, omba tu, kumbe kuna Sista Benta, nesi wa kutuliza maumivu, mama akamuuliza, "Sista, nitapona kweli?" na yule mwanamke bila haya akamshika mkono akamwambia, "Hapana, mama, lakini sitakuacha uteseke," sasa nani alimtuma? Tangu hapo mama hanisemeshi, ni Benta amgeuze, Benta amsafishe vidonda, na mama anadai apelekwe nyumbani kwake Bondo, na hawezi kwenda kwa sababu kaka yangu Griffins bado anabadilisha mabati na kupaka rangi nyumba ya mama, si unajua wageni watakavyojaa siku ikifika, tusiaibike. Tena Benta anataka kunifundisha kumpa mofini nyumbani, ati mama awe mlevi wa dawa uzeeni! Nimekataa hata wodini asipewe, akilia namwimbia nyimbo za kanisa. Nataka kumshtaki huyu nesi. Nianzie wapi?

Lorine, Nyalenda

Lorine, anzia kwa kunyamaza. Pole kwa mama, kumwona mzazi akiisha hivyo kunauma sana. Lakini umenikasirisha, sikufichi. Mama analia, dawa iko, na wewe unamwimbia? Ungekuwa wewe na uchungu wa kuzaa, wimbo gani ungekutuliza? Mofini ikipimwa vizuri haimfanyi mgonjwa mlevi, wala haimuui. Inampa nafasi ya kulala, kunywa uji na kuongea na watu wake. Hiyo ndiyo kazi ya Benta. Mama alimuuliza yeye kwa sababu alijua wewe utamdanganya.

Na hiyo nyumba, wololo! Mnaipamba kwa ajili ya waombolezaji, mwenyewe bado anapumua, halafu mnamwambia atapona! Mwanamke aliyezika wazee wote wa boma hilo hajui mabati ya haraka hivyo ni ya nini?

Leo hii nenda kwa Benta, umwombe msamaha, na mama apewe dawa ukiwa umesimama hapo. Jifunze kuipima, jifunze kumgeuza, uulize mtaongezewa wapi dawa mkiwa Bondo. Kisha mpigie Griffins aweke brashi chini. Mpelekeni mama kwake angali anaona, mumkalishe mlangoni, mumuulize anataka rangi gani. Nyumba ni yake.