Mayu, Muvi Bila Wewe Zimekuwa Ndefu

Mayu, mama mkwe wangu mpendwa,

Jana baada ya kanisa nilijaribu tena kuangalia muvi mpaka mwisho, nikashindwa. Ilikuwa ya Kikorea, ya wale vijana wenye ngozi laini kama watoto wachanga. Kijana tajiri, binti anauza mikate. Binti akalia, akapita kwenye mvua, akalia tena. Nikajisikia nasema kwa sauti, "Mayu, hivi huyu hana hata kanga ya kujifunika kichwa?" Mapacha wangu, Kulwa na Doto, wakageuka kuniangalia. Nikazima tivii nikaenda kuanua nguo.

Nimechoka, Mayu. Uchovu wa cherehani unaujua, ulikuwa ukinikanda mgongo kila nikirudi kutoka sokoni Kashaulili msimu wa sare za shule. Ule haujabadilika. Huu wa sasa ni wa kukaa mbele ya picha na kukosa mtu wa kuniuliza, "Sasa huyo anakimbilia wapi?"

Unakumbuka ulivyoingia nyumba hii ya Magamba? Masanja, mwanao na mume wangu, alikuchukua kule mbele ya Sitalike baada ya ukame kumaliza ng'ombe na mzee wako kufariki. Ulikuja na kigoda, shuka mbili na kibuyu cha maziwa kisicho na kitu ndani. Hukukaa sana, Masanja akasema anakwenda Chunya kutafuta dhahabu, atarudi mvua zikianza. Mvua zikaanza, zikaisha. Tukabaki mimi na wewe na mapacha. Mimi Mpimbwe, Kisukuma nakisikia tu kwa wapita njia. Wewe Kiswahili chako kilikuwa cha mnadani: njoo, toa, chumvi, bei gani. Uliniita "wewe". Ukionja ugali wangu ulisema "mbichi" halafu ukaula wote. Nilikuogopa, nisikufiche.

Muvi nimezipenda tangu usichana. Kila Jumamosi nikitoka kazini nilipitia kwa wale vijana wa sokoni wanijazie flashi, chochote walicho nacho. Jumapili mchana ndiyo ilikuwa sikukuu yangu. Wewe uliweka kigoda nje, mlangoni, ukatupa mgongo. Ulisema tivii ni ya watu wasio na ng'ombe. Kisha ukakumbuka kuwa na wewe huna.

Jumapili ile ilikuwa ya Kinaijeria. Haki ya Mungu sikujua kilichokuwemo kwenye flashi. Mama mkwe mchawi, macho yametoka, anasaga kitu anatia kwenye mchuzi wa mke wa mwanawe. Nikatafuta rimoti, kumbe Doto ameikalia. Nilipoinua uso ulikuwa umeshageuka na kigoda chako, unaangalia.

"Huyo mama ni nani wake?"

"Mama wa mume."

"Umeichagua wewe?"

"Sikujua, mama. Naapa."

Ukaangalia yote, mpaka radi ilipompiga yule bibi akaanguka kisimani. Ukatazama sufuria ya mchuzi iliyokuwa jikoni, ukanitazama mimi, ukasema, "Leo napika mimi au unapika wewe?" Ukacheka mpaka ukakohoa. Nami nikacheka, na watoto wakacheka bila kujua cha kuchekea. Jioni ile ndipo uliponiita Mama Kulwa kwa mara ya kwanza. Na kigoda kikaingia ndani.

Toka hapo nikawa nakutafsiria. Yule dijei anayeingiza sauti yake juu ya Wachina na Wazungu anatafsiri kwa Kiswahili, mimi nachukua Kiswahili chake nakigeuza Kisukuma changu kibovu. Ulikuwa ukinisahihisha katikati ya vita, watu wanakatwa mapanga, wewe umeshika neno moja, "Hatusemi hivyo." Nimejifunza lugha yenu kwa watu kupigana.

Za Kichina ulizipenda kwa ajili ya wazee. Yule babu wa nyusi ndefu anayeruka juu ya paa, ulitaka kujua anakula nini. Nikakuambia huyo mwingine, kijana, ndiye steringi, hawezi kufa. Ukauliza, "Nani amemhakikishia?" Ya watu wa angani ulilala, na mimi sikukulaumu, chuma kinaelea saa nzima na hakuna hata mmoja aliyechemsha chai. Ya mizimu ulitoka nje ukasema utarudi wakishamzika yule mtoto vizuri.

Ila ya Kihindi! Mama amepotelewa na wanawe wawili sokoni, wamekua, mmoja polisi, mwingine jambazi, wote wanakuja kununua maua kwake na yeye hawatambui. Mimi nimeziona za namna hiyo nyingi, najua mwisho wake. Wewe ulisimama. "Mama aliyezaa anashindwaje kuwajua? Si amshike tu kichwa?" Wakaanza kuimba, huelewi Kihindi, na mimi siwezi kukutafsiria wimbo. Ukalia. Nikakupa kitenge changu ujifute, nikajifanya naangalia dirishani.

Halafu ikaja ile ya Wazungu wenye kofia pana wanaoswaga ng'ombe kupeleka mjini. Kuna bunduki, kuna mwanamke wa baa, kuna kisasi. Wewe hukuona hata kimoja. Uliangalia ng'ombe. "Wale wa nyuma wamechoka. Hawa watu wanaswaga juani, hawana akili?" Walipofika mtoni mmoja akazama kwenye tope, akabaki kichwa tu. Nikataka kurusha mbele. Ukanishika mkono.

"Acha."

Tukaangalia mpaka na kichwa kikazama. Ndipo ukanisimulia, polepole ili nielewe, jinsi ng'ombe wenu walivyoisha kwenye ule mchanga wa mto uliokauka. Mzee alikuwa akikaa na kila anayeanguka, anamwita kwa jina lake, anamfukuza inzi. Alipoanguka yule dume mweusi hakumwita. Alirudi nyumbani, akalala, hakuzungumza tena na mtu mpaka tukamzika, ulisema. Masanja alikuwa ameniambia tu, "Ng'ombe waliisha." Nilikuwa nimeishi na wewe muda wote ule na sikuwa nikijua. Muvi iliendelea peke yake, sijui nani alimuua nani.

Sasa nifike kwenye ile ya kwetu, ya Kibongo. Nilikuwa nazisema sana hizo, na bado nazisema. Kila nyumba ina kochi lilelile, mke anaamka na rangi ya mdomo, mgonjwa wa hospitali amevaa hereni. Siku ile nilikuwa nasema hivyohivyo, naponda maharage huku nacheka. Bwana mmoja ameondoka kwenda kutafuta maisha, mkewe nyumbani anamtumia unga na karanga, kumbe huko ana mwanamke. Nikasema, "Huyu mke naye! Haoni?"

Ukasema, "Mama Kulwa, zima."

Nikazima.

"Masanja ana mwanamke Chunya. Amezaa naye. Baba yake mdogo aliniambia kabla ya mavuno. Nimekuwa natafuta siku ya kukuambia."

Nilikaa na mwiko mkononi. Nikakuuliza, "Yeye ni mwanao. Kwa nini unaniambia?"

"Wewe unanieleza kila kitu," ukasema. "Hata mambo ya watu ambao si ndugu zangu. Mimi nikufiche la nyumbani kwako?"

Ukachukua mwiko, ukamalizia maharage mwenyewe. Wiki ile nzima sikuweza kushona mshono ulionyooka. Wateja walirudisha nguo, nikazifumua, nikazishona upya. Jioni ulinisubiri barabarani na watoto, ukapokea mfuko wangu.

Kisha Masanja mwenyewe akaja. Alikuja na baba yake mdogo wa hapahapa Magamba, amevaa viatu vipya, amenenepa. Akasema nyumba iuzwe, wewe uende naye Chunya, mimi nirudi kwetu Usevya na watoto mpaka hapo atakapojipanga. Alisema "kujipanga" mara nyingi. Mimi niliangalia sakafu. Nilishajua nitasema sawa. Nilikuwa nimechoka hata siku ile, Mayu, nilikuwa tayari kufunga cherehani yangu.

Akakubembeleza, "Mama, kule nina tivii kubwa kuliko hii."

"Nani atanieleza?"

Akacheka, akadhani utani. Wewe hukucheka. Ulizungumza Kisukuma, bila haraka, na yule baba mdogo akaanza kunitafsiria. Nikamwambia asihangaike, nasikia. Ulisema nyumba hii imejengwa kwa ng'ombe wa baba yake waliouzwa kabla ya ukame, na ng'ombe wale ulikuwa ukiwakamua wewe. Ulisema, "Mimi nakaa hapa. Mkamwana wangu anakaa hapa. Siku nikiondoka, yeye na hawa mapacha watabaki hapahapa. Shemeji, umenisikia?" Baba mdogo akavua kofia, akasema amesikia. Masanja aliondoka bila kula. Ulimsindikiza mpaka njiani, ukasimama mpaka alipopotea, kisha ukarudi ukaingia chumbani kwako na hukutoka mpaka kesho yake. Nilikuachia uji mlangoni. Nilijua umemkatalia nani.

Macho yalianza kukusumbua baada ya hapo. Mtoto wa jicho, walisema hospitali, na presha yako ikafanya wasite kukupasua. Kwanza ukasogeza kigoda karibu na tivii, halafu karibu zaidi, halafu ukakirudisha ukutani. Sasa nikawa nakutafsiria hata picha. Mwanamume anaingia. Amevaa koti. Ana kisu nyuma. Mwanamke hajamwona. Ukashika mkono wangu kila palipokuwa na kisu. Kuna siku nilikuwa hoi na msimu wa sare, muvi yenyewe haina kichwa wala miguu, nikamuua adui mapema ili tukalale. Doto akaropoka, "Mama, mbona hajafa?" Nikaona aibu. Ukasema, "Mwache. Mama yako amechoka. Mwacheni afe."

Ya mwisho tuliyoangalia sijui hata ni ya nchi gani. Bwana mzee na mkewe, wanaishi kando ya ziwa, wanakunywa supu, wanagombana juu ya kufuli. Hakuna kilichotokea. Kulwa na Doto walikimbia kwenda kucheza. Mimi nilitaka kubadilisha, ukakataa. "Hii nzuri. Hakuna anayekimbia." Ukalala kwenye bega langu na nikaendelea kukusimulia, kwa sauti ndogo, mpaka majina ya waigizaji yakaisha.

Tulikuzika mvua ikinyesha. Masanja alikuja akalia kuliko watu wote, na sikumwonea hasira, alikuwa analia kweli. Wiki haikuisha akarudi kwake. Nikabaki na foleni ya wateja, na watu wakanisifu kwamba nimejikaza. Sikujikaza. Nilikuwa nafanya tu kinachofuata.

Wiki iliyopita Masanja alinipigia simu. Yule mwanamke ameondoka na mtoto wao, mgodi wao umejaa maji, yeye mwenyewe kifua kinamsumbua. Anataka kurudi nyumbani. "Nyumba si ya mama?" akasema. Katika muvi, hapo mke hufanya moja kati ya mawili. Humtupia nguo nje, au humkimbilia na muziki unapigwa. Mimi nilitafuta ndani yangu lipi linakuja. Hakuna lililokuja. Nikamwambia nitampigia.

Nikaenda kwa baba mdogo. Sikuanza hata kueleza, akaniambia, "Alilosema shemeji nililisikia, na Masanja alilisikia. Halina wa kulitengua. Lililobaki ni lako." Nikarudi kwa miguu, nikapika, nikawasimamia watoto kazi zao za shule, ndipo nikapiga. Nikamwambia aje kuwaona wanawe, ni haki yake na ni haki yao. Dawa za kifua nitamsindikiza hospitali apate. Kulala atalala kwa baba yake mdogo. Alilia kwenye simu, nikasubiri amalize. Akauliza ni mpaka lini. Nikamwambia sijui, Masanja, nina sare za kukata.

Ni mwanao, Mayu, na najua hapo ulipo unampenda. Sitamtukana mbele ya watoto. Lakini kumsubiri nilishamsubiri, na nguvu niliyobaki nayo ni ya mapacha na cherehani. Atafika Jumamosi. Atakapobisha hodi nitamfungulia mlango mwenyewe, nitampa maji ya kunywa, na nitamkaribisha kwenye kiti cha wageni.

Pumzika, mama yangu. Wabeja, kama mnavyoshukuru nyie.

Mkamwana wako,
Mama Kulwa