Mguu wa Mwanaidi

Jumatatu, Mfungo Tano.

Ati mimi niambiwe ondoa mkono. Mimi, ambaye toka Kaole mpaka hapa mjini hakuna mguu uliotenguka ukanishinda.

Mwanangu Mwanaidi yumo ndani ya arobaini, kalala tu tangu ajifungue, kama wazazi wote wanavyolazwa kwetu. Jana mguu wa kushoto ukavimba, ukawa wa moto. Mamake akaukanda kwa maji ya moto, wapi. Leo nikaitwa mimi na mafuta yangu ya mbarika.

Ndiyo kwanza napaka, akaingia nesi kumtazama kichanga. Msichana mdogo, hata shikamoo kaitoa baadaye.

"Baba, usiuchue huo. Mzazi damu yake huganda upesi, na kulala huku kumezidisha. Imeganda ndani ya mshipa. Ukiisukuma itapanda mapafuni, atakufa mikononi mwako."

Nikamwambia, "Nimeanza kuchua mama yako hajavunja ungo."

"Najua, baba. Basi kamchue mwingine."

Mwanaidi akacheka. Kisha akauvuta mguu wake ndani ya kanga, hakunitazama. Hapo ndipo nilipoumia. Mwanangu mwenyewe.

Gari la hospitali limempeleka Dar, mguu umeinuliwa juu ya mto. Mamake kaenda naye, na mtoto. Mimi nimebaki na chupa.

Tangu adhuhuri nawaambia watu kuwa msichana yule hajui kitu. Ee Mola, naomba awe anajua.