Moblogu ya Mama

Mjukuu wangu Tusekile,

Salamu kutoka Tunduma. Mama yako amepona malaria, na mahindi tumeshavuna.

Umeniuliza moblogu ni nini, kwa kuwa umemsikia babu yako Yoramu, mdogo wangu, akiitaja. Ulikuwa ukurasa wa mtandaoni ambao mtu aliuandikia kwa simu ya mkononi. Alipiga picha, akaongeza maneno machache, akairusha papo hapo. Siku hizi neno hilo silisikii tena.

Mama yangu alipougua kule Mbebe, Yoramu ndiye aliyemuuguza. Mvua zilikuwa zimekata barabara, na sisi wengine tulikuwa mbali. Kila jioni alimpiga picha, kisha akapanda kilimani kutafuta mtandao. Mimi nilikwenda intaneti kafe hapa mjini kumwangalia. "Umeona moblogu leo?" ndivyo tulivyoulizana ndugu tukipigiana simu.

Katika picha ya mwisho Mama alikuwa anatabasamu, ameshika bakuli la uji. Chini yake Yoramu aliandika, "Mama anasema ameshiba." Nililala kwa amani.

Wiki ile haikuisha, akafariki. Nilipofika Mbebe, walikuwa wameshamzika.

"Dada, uji ule hakuugusa," Yoramu aliniambia. "Aliomba bakuli alishike tu, ili msihangaike."

Ukurasa ulishafungwa, na picha zote zikapotea nao.

Picha zako za huko nazipata, na kila mara umependeza. Lakini nipigie simu, mjukuu wangu, nisikie sauti yako. Unakula?

Bibi yako,
Sekela