Vitabu Vitatu vya Kushona Parachuti

Jumatatu, 8 Julai 1974

Baridi. Ukungu haujaondoka mtaani kwetu Majengo tangu asubuhi. Nimeshona kaptula kumi na moja za shule. Mke wangu Rukia ameniletea chai dukani mara mbili, vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi.

Saa nane aliingia mteja wa kutoka Nanyuki kuchukua koti lake. Akasema, bila kujua anaongea na nani, kwamba Mwalimu Githinji anashona parachuti nyumbani kwake. Anataka kuruka nayo Timau, ngano ikishavunwa.

Nikajidunga sindano. Damu kwenye kaptula. Nimeifua mwenyewe.

Ni miezi mitatu tu tangu tumzike Kariuki. Parachuti yake ilipasuka utosini, pale juu kabisa vipande vinapokutana. Niliishona mimi. Kwa cherehani hii hii.

Jumanne, 9 Julai

Sikushona kitu cha maana. Niandike yote, labda nitatulia.

Tulikuwa watatu. Kariuki, fundi wa ile ndege ndogo ya kunyunyizia ngano dawa kule Timau. Mwalimu Githinji, mtu wa hesabu. Na mimi Hassan, fundi cherehani. Mzungu mwenye shamba alipokuwa anarudi kwao alimwachia Kariuki vitabu vitatu vya zamani, vya kumfundisha mtu kujitengenezea parachuti nyumbani. Cha kwanza ni cha kukata kitambaa. Cha pili, kushona. Cha tatu, kukunja na kuruka. Vyote vya Kiingereza. Kariuki alikuwa akinisomea kwa Kiswahili nami nikishona. Sikuwahi kuvisoma mwenyewe. Kiingereza changu ni kile kilichochapishwa kwenye karatasi za uzi.

Baada ya maziko vitabu vilitawanyika. Navitaka vyote vitatu. Vikae pamoja, visiliwe na panya, na Githinji asishone kwa kukumbukakumbuka. Hiyo ndiyo sababu ninayomwambia Rukia.

Sababu nyingine ni kwamba nataka kujua kama nilimuua rafiki yangu.

Alhamisi, 11 Julai

Nanyuki. Kitambaa kimejaa sebule yote ya Githinji, viti vimetolewa nje. Anatumia cherehani ya mkewe. Mkewe hakunisalimia vizuri. Simlaumu.

Kitabu cha tatu kiko kwake. Cha kushona hana.

"Hiyo niko nayo kwa kichwa," akasema.

Nikamwambia aache. Akanitazama kana kwamba mimi ni mwanafunzi aliyekosa jibu rahisi.

"Kariuki alikufa akiamini hii kitu, Hassan. Tukiacha, basi alikufa bure."

Ataruka Jumapili, tarehe ishirini na tano Agosti. Rubani ameshakubali. Nimemwomba angoje mpaka nipate kitabu cha pili. Amesema nikikipata kabla ya siku hiyo atakisoma. Zaidi ya hapo hakuahidi kitu. Amenipa cha tatu, kwa sababu amekwisha kukikariri.

Mezani kwake palikuwa na uzi mweupe wa pamba. Mimi pia niliimalizia ile ya Kariuki kwa pamba, vipande vitatu vya mwisho, nailoni iliponiishia.

Jumamosi, 13 Julai

Chaka. Nilijua sitapokewa. Nilienda.

Mama yake Kariuki alikuwa akipura maharagwe uani. Hakuinuka. Soko zima linajua anachosema: fundi wa Majengo ndiye aliyemwangusha mwanangu. Nimesikia mpaka kwa wauza viazi.

Nikamuuliza habari za vitabu. Akanyoosha kidole kuelekea jikoni.

Kitabu cha kwanza kiko ukutani. Kurasa zote, zilizochapishwa upande mmoja tu, zimebandikwa kwa uji kwenye mbao, kuzuia upepo wa mlimani. Michoro ya vipande, mishale, vipimo. Na mwandiko wa Kariuki kila pembe. Zilizo karibu na mafiga zimekuwa nyeusi kwa moshi.

Nilimwomba nizibandue kwa kitambaa chenye maji, taratibu, halafu nimbandikie magazeti.

"Hiyo ni vitu za kijana yangu. Hakuna mtu anatoa."

"Basi nikubalie nizinakili, Mama. Sitagusa."

Halafu akasema, "Wewe utakaa kwa jikoni yangu?"

Nikasema ndiyo, akinikubalia. Hakukubali. Hakukataa pia. Akarudi kwa maharagwe yake.

Alhamisi, 25 Julai

Siku ya nne jikoni Chaka. Nanakili kwa penseli kwenye daftari kubwa. Herufi nisizozijua nazichora tu kama ua la kitambaa. Macho yananiwasha kwa moshi, na hilo ni zuri kwa sababu hakuna anayeuliza kwa nini yanatoa machozi.

Leo aliniwekea githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye sahani, chini, karibu na mguu wangu. Hakusema karibu. Nilikula yote.

Ukurasa mmoja Kariuki alichora mtu mdogo aliyevaa kofia, ameinama juu ya cherehani. Ni mimi. Masikio makubwa. Nilicheka kwa sauti, nikamwona mama amesimama mlangoni ananitazama nikicheka nyumbani kwake. Sijawahi kuona haya namna ile.

Ijumaa, 2 Agosti

Kitabu cha kwanza kimekwisha. Kurasa mbili tu zimenishinda, moshi umezila.

Cha pili hakipo Chaka. Mama anasema Kariuki hakukileta nyumbani tangu Krismasi. Baada ya sala ya Ijumaa nilibaki nimekaa msikitini watu wakitoka. Nilijaribu kumwombea. Kila nikianza naisikia ile sauti ya kitambaa kikipasuka. Nilikuwepo. Niliisikia kutoka chini.

Jumatatu, 12 Agosti

Siku kumi na tatu zimebaki. Nimeandika barua mbili shambani Timau kukiulizia kitabu cha pili, hazijajibiwa. Nimekosea mikono miwili ya koti la watu, yote ya kushoto. Rukia amesema niende mwenyewe, hii si kazi ya barua. Ni kweli. Ninaogopa kuliona lile shamba alikoangukia Kariuki.

Jumanne, 20 Agosti

Timau. Nimepanda lori la mbolea mpaka langoni.

Ngano imevunwa. Mashina matupu mpaka juu kilimani. Sikutazama upande ule.

Mtunza ghala ni Mzee M'Ikiara, alifanya kazi na Kariuki miaka sita. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Akanipeleka nyuma ya ghala. Ovaroli ya Kariuki bado imening'inia msumarini. Hajaruhusu itolewe. Chini yake sanduku la spana. Ndani ya sanduku, kwenye karatasi ya nailoni, kitabu cha pili.

Nilikaa juu ya gunia nikakifungua.

Kuna ukurasa Kariuki ameupigia mistari kwa penseli nyekundu. Sentensi nzima sikuielewa. Ila maneno mawili ninayajua, maana ninayasoma kila siku kwenye karatasi za uzi: nailoni na pamba. Nilimpa mzee anisomee. Anajua Kiingereza cha kutosha. Akasoma polepole: shona kwa nailoni peke yake, usitumie pamba mahali popote, kwa sababu pamba itakatika mwavuli wa parachuti ukifunguka.

Nilimuua, nikafikiri. Basi. Ni mimi.

Halafu nikaona pembeni. Mwandiko wa Kariuki, Kiswahili, mdogo, wa haraka:

"Hassan ameishiwa na nailoni, bado vipande vitatu. Nikimwambia atakataa kushona. Pamba itashika kwa kuruka mara moja tu. Nikishuka tutarudia."

Nimeinakili hapa neno kwa neno.

Alijua. Nilimuuliza siku ile, nakumbuka, niliinua ule uzi nikamwonyesha: hii itafaa? Akasema itafaa, maliza, akaendelea kunisomea ukurasa mwingine kwa sauti ile ile.

Nimemkasirikia maiti. Nimetoka nje ya ghala nikamtukana kwa sauti, na Mzee M'Ikiara akageuka akatazama ng'ombe.

Jumatano, 21 Agosti

Nililala kwa Mzee M'Ikiara, asubuhi nikashuka Nanyuki. Githinji alikuwa anakunja parachuti yake. Imekwisha, mwavuli mzima, na mshono wa utosini ni wa pamba pande zote.

Sikumsalimia. Nilifungua ukurasa nikauweka juu ya kitambaa.

Alisoma Kiingereza. Alisoma pembeni. Akavua miwani.

"Alijua," akasema.

"Alijua."

"Na mimi nilikuwa nimekaa kwa ile kiti ya duka yako nikipiga hesabu. Angeniambia mimi."

Akalia, mtu mzima, mwalimu. Nilikuwa nikidhani nitafurahi kumwona amenyamazishwa. Nilikaa chini nikalia naye. Mkewe aliingia na maji ya kunywa, akatuona, akayaweka akatoka.

Baadaye akaanza: atafumua, ashone upya kwa nailoni, aruke Oktoba. Nikamwambia afanye hivyo bila mimi.

Jumapili, 25 Agosti

Sikwenda Timau. Nilikaa dukani nimefunga mlango, Jumapili yote. Saa kumi Githinji mwenyewe akabisha. Ameubeba mwavuli begani kama mgonjwa. Akasema tu, "Chukua mkasi."

Tumefumua pamoja mpaka saa kumi na mbili. Uzi wa pamba ulikatika kwa kidole. Kwa kidole, ukivuta kidogo. Sikujua.

Jumamosi, 31 Agosti

Kazi ya vitabu. Githinji anatafsiri, mimi naandika. Habari ya kuruka Oktoba hajaitaja tena. Zile kurasa mbili zilizoliwa na moshi amezijaza kwa hesabu. Ukurasa wa uzi tumeuandika kwa herufi kubwa, na yale maneno ya pembeni tumeyaacha palepale. Githinji alitaka tuyaondoe, aibu kwa marehemu. Nilikataa. Mtu akija kukisoma kitabu hiki siku moja, na nailoni imemwishia, ayaone.

Sijui nitamwambiaje mama yake. Kama nitamwambia. Maneno haya yananiondolea lawama na kuipeleka kwa mtoto wake.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimemwambia.

Nilikuwa nimekusudia kusema kidogokidogo. Alinitazama na yote yakatoka. Nikamsomea yale ya pembeni. Akasema nisome tena. Nikasoma tena.

"Kwa hivyo ni yeye mwenyewe."

Nikasema mimi ndiye niliyeshona, Mama, mkono ni wangu.

"Hapana. Usinidanganye sasa." Akafunga kitambaa chake kichwani upya, ingawa hakikuwa kimelegea. "Si ungeniacha nikuchukie wewe, Hassan. Wewe uko hai. Wewe naweza kukuchukia. Sasa yeye nitamchukia aje?"

Akaenda kwa mbuzi. Nilingoja mpaka jua likageuka. Hakurudi.

Sijui kama nimefanya haki au nimefanya unyama.

Jumamosi, 28 Septemba

Vitabu vimekwisha. Nimevishona mgongo kwa mkono, jalada la turubai. Nakala mbili za Kiswahili. Moja kwa Githinji, moja hapa kwenye sanduku la chuma, pamoja na cha pili na cha tatu vya Kiingereza, na dawa ya kufukuza wadudu. Nilidhani siku hii nitajisikia mwepesi. Najisikia kama mtu aliyemaliza kuosha vyombo vya matanga.

Alhamisi, 10 Oktoba

Mvua za vuli zimeanza. Watu wachache dukani.

Saa tano hivi alisimama mlangoni, mama yake Kariuki. Hajawahi kufika Majengo. Aliuliza njia mpaka msikitini, akasema, halafu watu wakamwonyesha. Viatu vimejaa tope. Rukia akamletea chai, akanywa yote amesimama.

Akatoa kitambaa kwenye kikapu. Cha bluu, kizito, kizuri.

"Nishonee nguo ya kanisa," akasema. "Isiwe ya kubana."

Nikachukua utepe. Amekonda, sikumwambia. Alisimama wima kabisa, macho kwenye kalenda ya ukutani, nami nikapima kiuno, mkono, mgongo. Bega lake la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Kariuki alikuwa hivyo hivyo, kila koti lake ilibidi nilirekebishe.

Nimeandika vipimo. Nikamwambia aje Jumanne.