Haragwe Moja kwa Mskoti

Mwanangu mpendwa,

Jumamosi hii sikwenda kutazama mpira kwenye chumba cha video cha hapa mtaani Shari. Kifua kimenikataa, hata kalamu hii naishika kwa kupumzika.

Unakumbuka mwenye chumba alivyotugawia haragwe moja kila mtu mlangoni, tuliweke katika kopo la mchezaji tunayempenda. Baada ya mpira alihesabu, kisha akawasoma wachezaji kwa sauti, wa kwanza mpaka wa mwisho, kama nilivyosoma matokeo ya wanafunzi shuleni. Kopo tupu halikusomwa. Wewe ulimchagua Mskoti, beki uliyemwona katika kaseti ya zamani, mtu aliyestaafu kabla hujaota ndevu. Vijana walikucheka: "Ule muzee wako, hata bibi yake alishamusahau!" Mimi, mwalimu wa jiografia, nikaona haya. Nikakuuliza kwa nini unapoteza kura.

"Papa, alishaacha kucheza. Hawezi tena kukosa penalti. Na wa mwisho pia wamusome."

Akasomwa kila juma, wa mwisho, kwa haragwe lako. Ukapiga makofi peke yako.

Kisha ulienda Mahagi-Port, kando ya ziwa, kununua samaki. Walisema vita vimekwisha, amani imesainiwa, barabara imefunguka. Gari lenu lilishambuliwa njiani. Waliookoka walirudi, wewe hukurudi, wala hatukupata mwili wa kuzika. Tangu hapo haragwe la Mskoti nimeliweka mimi. Mpira wenyewe siuelewi hata leo. Nilikaa mpaka mwisho ili nisikie jina lake tu, nikijiambia kwamba maadamu anasomwa, nawe hujafutwa. Vijana walewale hawakucheka tena. Walinipisha nikae mbele.

Nyumbani nilikataza matanga. Juzi dada yako alipiga magoti kando ya kitanda changu: "Papa, acha tumulilie. Tunachoka kulia kwa kujificha." Miaka yote hii amenipikia huku amemeza kilio chake, kwa sababu mimi nilisema unarudi.

Naungama kwako kabla sijaungama kwa padri: nimechoka kukungoja. Upendo uko palepale; mwili ndio umeshindwa. Kila pikipiki inayopunguza mwendo mbele ya ua wetu hunichukulia nguvu ambayo sina tena. Nami nikifa, sitaki dada yako arithi kazi hii ya kusikiliza barabara.

Nimewaruhusu. Matanga yanaanza kesho. Shangazi zako wa Niania wako njiani, turubai limekwisha kufungwa uani. Lakini ikiwa tumekosea, ikiwa uko mahali fulani ng'ambo ya ziwa na habari ya kifo chako ikakufikia, njoo. Usibishe hodi. Ingia katikati ya kilio, utukatize. Hakuna atakayekukasirikia.

Ni mimi,
Baba yako