Msiba wa Kwenda Mikumi

Jumatatu, 15 Julai 2024

Nimechaguliwa! Mimi. Msemaji wa kwanza, mdahalo wa Kiingereza wa shule za mjini, Jumatano tarehe 31. Mwalimu Loisi kasoma majina mbele ya darasa, nikageuka nyuma kumtafuta Emiliana mwingine. Hayupo. Karishma akanipiga kiwiko, simama wewe. Nikasimama.

Mimi huyu ambaye nikiulizwa swali koo linajifunga. Kidato cha kwanza mwalimu wa jiografia alidhani mimi ni bubu, akamuuliza Karishma jina langu nami nimekaa pale pale. Lakini kwa Kiingereza, sijui ni nini, naongea. Kwa Kiswahili watu wananijua, wanajua baba yangu nani na nimelia lini. Kwa Kiingereza ni kama nimeazima nguo za mtu, na huyo mtu haogopi.

Nimefanya mazoezi bafuni. Madam Chairperson, honourable judges. Joel akagonga, unaongea na nani? Na majaji. Akaenda kumwambia Mama kwamba dada ameanza.

Alhamisi, 18 Julai

Baba karudi kazini anapiga mluzi. Likizo yake imepitishwa – tarehe 26 mpaka 5 Agosti. Treni ya umeme hadi Morogoro, tutalala kwa baba mdogo, kisha Mikumi. Hoteli yenye bwawa! Ameshalipia. Joel akazunguka meza akiwa tembo.

Tarehe 31 iko katikati kabisa.

Mama akauliza, na shule? Kwa nini tusisubiri likizo fupi mwisho wa Agosti, watoto wakiwa nyumbani? Baba akasema likizo hapangi yeye, anapangiwa. Mwisho wa Agosti kuna wakaguzi ofisini, hakuna mtu kutoka. Asipoichukua sasa imeliwa. Na mara ya mwisho tumesafiri wote Joel alikuwa mgongoni. Hilo kweli. Ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba ni kweli.

Mama akanitazama, akanisemea, Emi ana mdahalo wake. Baba akasema mdahalo si mtihani, mwakani utakuwepo.

Sentensi yangu ilikuwa tayari, ilikuwa imefika kwenye meno. Nikaomba chumvi.

Jumapili, 21 Julai

Leo nimejaribu. Tukitoka kanisani, mimi na Baba kwenye gari tunamsubiri Mama amalize kusalimiana. Nikasema kwa Kiingereza, maana kwa Kiswahili ningelia. Father, I humbly request to remain with Karishma's family until you come back. Ombi hilo la kubaki kwa kina Karishma nilikuwa nimeliandaa tangu Ijumaa. Nimesema yote, sikukwama hata mara moja.

Baba akacheka. Akanipiga begani, akasema lo, bungeni si mbali tena basi! Nikafikiri amekubali.

Jioni nikamsikia uani, kwenye simu na Mzee Ulimboka wa ofisini kwao. Anarudia sentensi yangu. Kwa sauti yangu! Ile nyembamba, na kichwa kakiinamisha ninavyokiinamisha mimi. Fathaaa, ai hambli rikwesti. Mzee Ulimboka alicheka mpaka nikamsikia nilipokuwa, kwenye dirisha la jikoni.

Sawa, Baba. Sawa.

Alhamisi, 25 Julai



Nimeitwa ofisi ya walimu. Nimeingia, wamesimama. Wote, hata mwalimu wa nidhamu. Mwalimu Loisi akanikumbatia akasema pole sana, mwanangu. Nikajua Baba ameomba ruhusa na nafasi yangu imekwenda, na wananipa pole kwa ajili ya hiyo. Nikashangaa walimu wana huruma kiasi hicho kwa ajili ya mdahalo. Ndipo akauliza: "Ndiye bibi aliyekulea, yule wa Kongwa?"

Baba amemuua bibi. Kwa simu, asubuhi, akinyoa ndevu labda.

Ningesema. Ilitakiwa maneno mawili tu, bibi mzima. Walimu wanane wananitazama. Nikalia. Nililia ya mdahalo, na ya Mzee Ulimboka, na kadiri nilivyolia ndivyo walivyoamini. Mwalimu wa nidhamu kanipa leso yake.

Jioni nikamfuata Baba kwenye gari. Nikasema tu, wamenipa pole. Akaangalia nyuma kama Mama yuko. Akasema shule haitoi ruhusa ya kwenda kuangalia twiga, wanaelewa msiba tu, ofisini watu wote wanafanya hivyo, yuko bosi amemzika mkwewe mara mbili na bado anampelekea mchele. Shuleni kwa Joel amesema malaria.

"Nimesema bibi wa Kongwa. Sikutaja jina. Bibi wapo wengi huko."

Sasa, mama yake mwenyewe hakumuua. Yule wa Singida mzima kabisa. Kamuua mama wa Mama. Bibi Anyesi, ambaye akija hapa Baba hakai kochi moja naye, hali meza moja naye, anamsalimia akiangalia zulia. Mkwe anaogopwa hivyo. Ila kwa simu anazikwa.

Akaniambia nisimwambie Mama. Sitamwambia. Nina wazo jingine, ila bado halijawa na sura.

Jumapili, 28 Julai. Morogoro

Treni nzuri. Sitasema hivyo kwa mdomo.

Baba anapiga picha kila kitu. Nimeamua: kila picha nitakayokuwemo, nafumba macho. Ngoja aseme moja, mbili – kwenye mbili nafumba. Leo nimeharibu zote. Kwenye simu anazipitia haraka, hajaona.

Jumatano, 31 Julai. Mikumi

Saa nne mdahalo umeanza. Sisi tumeonyeshwa nyati.

Saa tano Mama aliniuliza mbona midomo inachezacheza. Nilikuwa nahutubia. Kimya kimya, kwa nyati. Hoja tatu na hitimisho. Nyati wananitazama vizuri kuliko darasa langu.

Baba kanunua ndizi, kanipa ya kwanza, akasema: kula Emi, hii ndiyo shule yenyewe. Alikuwa na furaha. Alikuwa na furaha ya kweli, kama mtoto, kofia imegeuka. Nusura nimsamehe. Halafu akamwambia dereva wa watalii kwamba binti yake ni waziri, halafu tena, fathaaa, ai hambli.

Nimefumba macho hata kwenye picha ya simba.

Jumatatu, 5 Agosti

Tumerudi. Vumbi la nyumbani na upepo ule wa baridi unaoingia hadi kwenye meno. Mtaa wetu wa Kikuyu haujasogea.

Karishma amekuja jioni. Alisimama badala yangu. Tumeshinda! Yeye amekuwa msemaji bora, wamempa kamusi nene na nishani. Aliomba radhi mara nyingi hadi nikamwomba aache. Kisha akaniambia kwamba siku tuliyosafiri paredi nzima ilisimama kimya kwa ajili ya bibi yangu. Kidato cha kwanza waliimba pambio.

Kabla hajaondoka akamwona Mama, akamshika mikono miwili, akasema pole mama. Mama akajibu asante, tumechoka kweli, ile barabara ya mbugani!

Nikamsindikiza Karishma mbio.

Usiku Mama akasema bibi anakuja kesho kutwa. Macho. Jicho la kulia linapasuliwa hospitali siku ya Alhamisi, kisha atapumzika hapa kwetu mpaka wiki ijayo. Baba akasema karibu sana mama, kwa sauti ya heshima, kama vile bibi ameshafika mlangoni.

Jumanne, 6 Agosti

Wazo limepata sura.

Mwalimu Loisi kanisimamisha korido. Walimu na darasa hawajaridhika, walitaka kufika Kongwa wakakosa usafiri. Wangependa kuja kuhani nyumbani. Wanafunzi wameshachangishana sukari na unga, kinamama walimu wana khanga. Je, wazazi wamerudi kutoka msibani? Au msiba umeisha, wasitusumbue?

Hapo ndipo ningesema umeisha, mwalimu, asanteni. Alishanifungulia mlango kabisa.

Nikasema: "Wamerudi. Jumamosi saa tano tutakuwepo wote."

Kwa Kiswahili! Koo wazi, maneno yanashuka kama maji. Nikamwelekeza na njia, pita kanisa, mashine ya kusaga, geti la bluu. Mwalimu akasema Mungu akutie nguvu, umekua.

Nimekua, kweli. Jumamosi Baba atafungua lile geti la bluu, ataona mwalimu wa nidhamu na khanga na mfuko wa unga. Na nyuma yake kwenye kochi marehemu anakunywa uji. Nataka nione atakavyoangalia zulia.

Nimecheka peke yangu kitandani, mdomo kwenye mto.

Ijumaa, 9 Agosti

Bibi ana bandeji kubwa jicho la kulia. Na la kushoto lenyewe haoni ila ukungu, anatujua kwa miguu. Mbukwa, Emiliana, ananisalimia kwa Kigogo kabla sijafungua mdomo. Amekuja na karanga na mlenda mkavu, chumba kizima kinanukia Kongwa.

Leo mchana tulikuwa wawili tu. Akaniambia Mama kamwambia nilichaguliwa kusema Kiingereza mbele ya watu. Haya, sema. Nikasema bibi hutaelewa. Akasema yeye kanisani amesikiliza Kilatini tangu msichana, sema tu.

Nikasimama katikati ya sebule. Nikasema yote. Nilipomaliza akapiga vigelegele, mwenyewe, mkono kwenye bandeji. Hakuna mtu mwingine aliyeomba kuisikia hotuba hiyo. Hakuna hata mmoja!

Nikaenda chumbani nikaamua kumpigia Mwalimu Loisi kwa simu ya Mama, niseme wasije.

Kwenye chakula Baba akaleta picha. Amesafisha moja, kubwa, kwenye fremu, ile ya simba. Amegundua macho yangu. Akamweleza Mama na Joel, bibi akiwa chumbani: huyu alikuwa anamwomba simba, fathaaa, ai hambli rikwesti, usinile. Joel alicheka hadi akatapika juisi. Mama pia alicheka, akaziba mdomo.

Imetundikwa sebuleni. Juu ya kochi.

Sikupiga simu.

Jumamosi, 10 Agosti. Asubuhi

Baba na Joel wamekwenda gereji Kizota, gari linagonga chini, watarudi saa tano kasoro. Mama sokoni. Vizuri. Watakutana wote getini.

Nimeona siwezi kukaa sebuleni, uso wangu utasema. Nimemuaga bibi nakwenda kwa Karishma. Akasema nenda taratibu, bodaboda siku hizi hawaoni. Nimetoka getini, nimezunguka, nimeingia mlango wa jikoni, viatu mkononi. Niko chumbani kwangu, nimefunga kwa funguo. Dirisha langu linaona geti. Ukuta huu unasikia sebule.

Jumamosi hiyo hiyo

Wamewahi. Baba hajarudi.

Naona mwalimu wa nidhamu mbele, Mwalimu Loisi, kinamama wamejifunga khanga kiunoni, Karishma kabeba sukari. Darasa karibu lote. Wametulia kama wanavyotulia watu wa msiba, hata wale wahuni wa nyuma.

Bibi kafungua mwenyewe. Anapapasa mlango. Wamempita kwa heshima, wanamsalimia shikamoo shikamoo, wanadhani ni bibi tu wa pale nyumbani, mtu wa ukoo. Wameingia wamekaa. Wameanza pambio, polepole.

Haikuwa hivi. Baba ndiye afungue.

Pambio limeisha. Mwalimu Loisi anasema pole sana, mama. Sisi tumetoka shuleni kwa Emiliana.



Bibi anauliza: "Emiliana?"

Mwalimu anasema ndiyo mama, tumeumia wote, shule nzima ilisimama.

Na bibi haulizi tena. Kwao haliulizwi jina la marehemu wageni wakishaimba. Namsikia anashuka kutoka kwenye kochi, anakaa chini. Kilemba kinavuliwa, nasikia kitambaa. Anasema alitoka hapa sasa hivi. Nilimwambia bodaboda. Nilimwambia.

Karishma anasema, lakini bibi – na mtu anamnyamazisha, muache alie.

Analia. Daktari alimkataza kulia. Jicho hilo alikataza hata kuinama.

Sikumtaka yeye. Nilimtaka Baba.

Inatakiwa nifungue mlango, niseme maneno mawili, bibi mzima, mimi mzima, manne basi. Nimejaribu hapa hapa kwa sauti ndogo. Hayatoki. Nimejaribu kwa Kiingereza. Madam Chairperson. Hayatoki.

Honi ya Baba getini. Joel anafungua. Baba anashuka anapiga mluzi, anaona viatu vyote hivyo kwenye baraza, mluzi umekatika.

Bibi ananiita. Si kama mtu anavyoitwa aje. Ni kwa Kigogo, kwa ile sauti ndefu aliyomwitia babu wakati udongo unatupwa. Emiliana wee.

Kalamu mkononi, mkono mwingine kwenye funguo. Bibi, nipo. Bibi, ni