Pointi Zangu Sizifuti

Koivukatu 11 B 6,
Kemi, Ufini.
14 Februari

Mpendwa binamu yangu Teemu,

Habari za Perth, huko Australia, na joto lenu? Goti la mkeo limepona? Sisi tu wazima, ila usingizi ndio tumeusahau. Oiva ametimiza miezi saba na meno mawili ya chini yametoka kwa vurugu. Mume wangu Jarkko yuko zamu kiwandani; anarudi, anakula supu ya samaki, anaanguka kitandani na soksi zake.

Barua yako nimeisoma mara mbili, nikakasirika mara mbili, nikakusamehe mara moja. Unaniambia nimsikilize Sampsa, kiongozi wa kikosi chetu kwenye mchezo wa kompyuta, nifute pointi zote za mpiga mishale wangu nizigawe upya kama wenzangu: zote kwenye nguvu ya mshale na wepesi wa kukimbia. Nisipofanya hivyo, Jumamosi ananitoa kwenye watu sita watakaopigana na kikosi cha mji wa Oulu. Teemu, ni wewe uliyenifundisha kushika upinde kwenye kompyuta ya bibi. Nilitegemea kwanza utaniuliza kwa nini.

Basi sikiliza. Nacheza saa moja tu kwa siku, Oiva anapolala mchana kwenye kigari chake nje, roshani, kama tulivyolazwa sisi utotoni. Juzi ilikuwa nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri, akalala kama gogo, pua tu ndiyo inaonekana. Sikio moja namsikiliza yeye, sikio la pili nasikiliza kikosi. Mpiga mishale wa kukimbiakimbia anataka mikono miwili na macho yasiyopepesa. Mimi sina. Ndiyo maana pointi zangu ziko kwenye mitego, wavu na mishale ya sumu. Natega, narudi nyuma, nangoja. Sumu haihitaji mama aishike mkono.

Na usiniambie ni mchezo tu. Hiyo ndiyo saa pekee ambayo mtu ananihitaji kwa kitu kisicho maziwa. Nafasi yangu siiachi.

Jumatano Sampsa alinisema mbele ya kikosi kizima.

"Mama Oiva, hiyo si kupigana. Hiyo ni kutega panya."

"Basi njoo, panya," nikamjibu. "Raundi tatu. Ukinishinda, nafuta zote leo leo."

Raundi ya kwanza alinipiga kutoka mbali kabla sijatega hata mtego wa pili. Walicheka, nami nilistahili. Ya pili alikanyaga wavu nyuma ya kisima, sumu ikammaliza taratibu huku akitukana. Ya tatu ndiyo kwanza inaanza, Oiva akalia.

"Ngoja kidogo, mtoto ameamka."

"Vitani hakuna ngoja kidogo, mama Oiva."

Sikubishana. Nilimsimamisha mpiga mishale wangu ukutani, nikamzungushia mitego yote minne, nikavua hedfoni, nikaenda. Theluji ya roshani iliniingia kwenye soksi. Oiva alikuwa ametupa glavu moja na mashavu yamewiva. Nikambeba, nikarudi naye.

Sasa, kikosi chetu kina tabia moja ya kijinga. Anayemkuta adui amesimama kama sanamu hampotezei mshale. Anamfuata karibu na kumchoma kisu, ili wengine wacheke. Sampsa angenipiga kutoka kilimani na mambo yangekwisha. Lakini alitaka kuchekesha watu. Nilipovaa hedfoni nilimkuta miguuni pangu, amefungwa na wavu, sumu imemwingia, kisu mkononi.

"Nani ametega hapa? Nitoeni! Roosa, hiyo si haki!"

Loo, sasa jina langu amelijua! Oiva alikuwa mkono wa kushoto ananivuta nywele. Kwa mkono wa kulia nilirusha mshale mmoja. Mmoja tu.

Kisha Raili, dereva wa basi anayetutibia majeraha mchezoni, akasema, "Sampsa, pole. Umeuawa na mtu anayebadilisha nepi."

Sampsa alipomaliza kuchekwa akasema, "Haya, nafasi yako ipo. Ila futa japo nusu ya mitego."

"Hata mmoja," nikamwambia. "Na Jumamosi tunaanza saa saba mchana, Oiva akilala. Oulu wakikataa, tafuteni mpiga mishale mwingine."

Alinung'unika, lakini aliwaandikia. Oulu wamekubali saa saba.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ushauri wako nimeupokea kwa mapenzi na nimeukataa kwa mapenzi hayo hayo. Tangu Oiva azaliwe nimefuta mengi: usingizi, zamu zangu dukani, hata nywele ndefu. Sikulalamika, kwa sababu ni yeye. Lakini pointi hizi nilizichagua mwenyewe, moja moja, na hakuna mtu atakayezigusa. Wala wewe.

Nisalimie mkeo Bronwyn na mwanao Kaarlo. Jarkko anakusalimu kutoka usingizini. Shangazi Helmi anauliza utakuja lini kuoga mvuke kwenye sauna ya kweli. Mungu awape afya na kivuli huko kwenye jua kali.

Ni mimi nikupendaye hata nikikubishia,
Roosa